Jack Russell Mwanza: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila jioni nikishuka Isamilo na mbwa wangu, sifiki mbali kabla mtu hajasimama. Leo dereva wa bodaboda, kesho mama muuza karanga, keshokutwa kundi zima la watoto wa shule. "Huyo ni mtoto wa mbwa?" Ana miaka 11. "Anauma?" "Ulimtoa wapi?" Nimekuwa nikijibu nusunusu huku kamba inavutwa, basi nimeona niyaweke majibu mahali pamoja. Mbwa mwenyewe anaitwa Tabu. Jina alilipata siku ya pili, nilipokuta mlangoni pamebaki kiatu kimoja.

Ni mbwa gani huyu?

Jack Russell, mbwa wa jamii ya teria. Neno hilo asili yake ni *terra*, Kilatini cha ardhi, kwa kuwa teria ni mbwa wa kuingia mashimoni. Aliyekomaa ana kimo cha sentimita 25 hadi 30 begani na uzito wa kilo 5 au 6, sawa na sangara mmoja wa maana pale soko la samaki la Mwaloni. Rangi yake kubwa ni nyeupe, yenye mabaka meusi au ya kahawia, hasa kichwani. Manyoya ni ya namna tatu: laini, ya kukwaruza, na ya katikati. Kwa joto letu chukua mwenye manyoya laini, ingawa ujue yeye ndiye anayepukutisha zaidi. Nguo nyeusi utazisahau.

Jina hilo limetoka wapi?

Kwa kasisi wa Kiingereza, John Russell, aliyezaliwa mwaka 1795 na kufariki 1883, mtu wa Devon aliyependa kuwinda mbweha kuliko alivyopaswa kupenda, kwa kazi yake ile. Mwaka 1819, akiwa bado mwanafunzi Oxford, alinunua mbwa jike mweupe kutoka kwa muuza maziwa. Jike huyo aliitwa Trump. Ndiyo, vivyo hivyo lilivyoandikwa, karne 2 kabla hujaanza kulisikia redioni.

Alichokitaka kasisi ndicho kinachokuchosha wewe leo uani. Alitaka mbwa mwenye pumzi ya kufuata farasi kutwa nzima, mwembamba wa kupita kwenye shimo la mbweha, na mwenye moyo wa kubaki humo gizani peke yake, akibweka mpaka mbweha achoke na kutoka. Weupe ulikuwa wa kumtofautisha na mbweha ili asishambuliwe kwa makosa. Uamuzi wa mle shimoni ulikuwa wake, maana binadamu alikuwa juu hamwoni. Kwa hiyo ukimwita mara tatu naye anakutazama bila kuja, sikio lake si bovu. Anapima kwanza kama wito wako una maana kuliko alichokishika.

Ukoo wenye miguu mirefu, sentimita 33 hadi 36, huitwa Parson Russell. Huu mfupi ulitengenezewa vipimo vyake Australia, shirikisho la kimataifa la vyama vya mbwa, FCI, likautambua mwaka 2000, na klabu ya mbwa ya Uingereza ikaukubali mwaka 2016.

Anaweza kulinda nyumba?

Kupiga kelele, ndiyo. Mwizi atajulikana kabla hajagusa geti. Lakini kumzuia mtu mzima kwa kilo 6? Usijidanganye. Anayetaka mlinzi atafute mbwa mkubwa, na anayetaka pambo la sebuleni atafute paka.

Uani kwangu kuna nafasi. Bado nimtembeze?

Bado. Uani ni kama chumba, na baada ya siku mbili ameshakijua kila kona. Mbwa mzima anahitaji saa moja mpaka moja na nusu kila siku, na isiwe ya kutembea tu. Umfiche kitu akitafute, umrushie mpira, umpandishe mlima. Mimi nagawa mara mbili, saa 12 asubuhi na saa 11 jioni. Mchana hapana, kwa sababu nitakayoisema mbele.

Kuna kazi moja isiyo na gharama. Chukua konzi ya dagaa wakavu, wasambaze kwenye majani uani, mwachie pua yake. Dakika 15 za kunusa naona humchosha kuliko nusu saa ya kukimbia. Nilipoanza hivyo, mashimo kwenye kitalu cha mchicha yalipungua. Hayakuisha.

Wa miezi 3 au 4 asikimbizwe mwendo mrefu, mifupa yake bado laini. Acheze, alale.

Nimfunge mnyororo mchana, nimfungulie usiku kama wengine?

Kwa mbwa huyu ni kumharibu. Atabweka kutwa, atajizungusha, atatafuna miguu yake mwenyewe, na ukimfungulia usiku utakuwa umefungulia bomu. Kama kazi yako haina jinsi nyingine, usimchukue. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na inamhusu mbwa pia.

Namfundishaje kuja akiitwa?

Kwa nyama. Vipindi vya dakika 5, mara tatu kwa siku, ndani ya nyumba kwanza, halafu uani, halafu njiani kwa kamba ndefu. Akija, apewe kitu na asifiwe, hata kama amechelewa, hata kama unawaka kwa hasira. Ukimwita ukamchapa umemfundisha kwamba kuitwa ni hatari. Na watu wa nyumbani wakubaliane neno moja. Kwetu mke wangu alikuwa akisema "njoo", mimi "huku", watoto wanapiga mluzi. Tabu aliamua kwamba zote tatu hazimhusu.

Milima yetu imejaa mawe, pimbi na mijusi. Kuna hatari?

Hapa ndipo Mwanza inapotofautiana na Devon, na ndiyo sababu kubwa ya kuandika ukurasa huu.

Mijusi si tatizo sana. Ule mjusi dume wa miambani, kichwa na mabega mekundu na mwili wa buluu, humfanya Jack Russell asimame saa nzima anatetemeka kwa hamu, na mara chache sana anaupata. Tatizo ni pimbi, na tatizo kuliko pimbi ni nyufa wanamoishi.

Mwaka wa pili wa Tabu, saa 11 jioni, pimbi walikuwa wametoka kuota jua juu ya mwamba nyuma ya nyumba yetu. Kamba ilinichomoka mkononi. Aliingia kwenye ufa usiozidi upana wa sahani. Nikamsikia akibweka chini ya miguu yangu, kisha upande wa choo cha jirani, kisha kimya. Majirani wakaja na sururu, mwingine na nondo ya kupekenyulia mawe. Aliyetuokoa ni mzee anayeponda kokoto chini ya mlima. Alilizunguka lile rundo, akagonga jiwe moja kwa kiganja, akasema, "Wanangu, ukilisogeza hili hujui ni lipi litakalofuata kushuka. Muacheni." Nikamwambia, "Shikamoo mzee, lakini atakufa." Akajibu marahaba, akakaa chini na mimi.

Nililala pale na taa na bakuli la maji. Alfajiri akatoka mwenyewe, kwenye tundu jingine kabisa, pua imechubuka, macho yamejaa vumbi, amekonda kiunoni. Baadaye nikaelewa. Mara nyingine teria hukwama kwa sababu tumbo limejaa au amevimba kwa juhudi, na akikaa kimya usiku kucha hupungua, akaweza kupita tena.

Basi ikikutokea: nyamazisheni watu, maana kelele humsukuma ndani zaidi. Msiwashe moto wala msimwage maji. Msichokonoe kwa mti. Msisogeze jiwe lolote lililobeba jingine. Udongo mnaweza kuchimba taratibu, kwa mikono. Ita kwa sauti ya kawaida mara moja moja, kisha sikiliza. Weka maji na kitu chenye harufu mdomoni mwa ufa. Anayesikika akibweka au kukwaruza ana hewa.

Kuzuia ni rahisi kuliko yote hayo. Kwenye miamba, kamba isitoke mkononi, na avae mkanda wa kifuani badala ya kola ya shingo. Ukimwachia aingie ufani bila kamba, mvue na mkanda kabisa. Mkanda ukinasa kwenye jiwe hakuna mkono utakaoufikia. Na kisiwa cha Saanane, chenye pimbi hao hao, ni hifadhi ya taifa tangu 2013. Mbwa haendi.

Na nyoka?

Teria hamkimbii nyoka. Swila hutema sumu machoni: suuza kwa maji mengi safi, papo hapo, dakika 15 au zaidi, ndipo uende kwa daktari wa mifugo. Kifutu akimuuma, mbebe, asitembee, usifunge kamba juu ya jeraha, usichanje, usiweke jiwe la nyoka. Kila dakika unayoipoteza kwa hayo ni ya kufika kwa daktari. Fyeka nyasi kuzunguka nyumba na usirundike matofali.

Nasikia wanaua panya. Nimwachie stoo ya mahindi?

Anaua, tena haraka: anamdaka, anamtikisa mara mbili, kazi imekwisha. Lakini angalia mambo mawili.

Kwanza, sumu ya panya. Mbwa akila sumu yenyewe, au panya aliyekula sumu, anaweza kuvuja damu ndani kwa ndani siku 2 hadi 5 baadaye, wakati wewe umeshasahau. Chagua kimoja, mbwa au sumu, na ukawaulize majirani wanaweka nini. Ukiona ufizi umepauka, anakohoa damu au analegea, mpeleke na pakiti ya sumu mkononi. Kuna sumu zinazotibika kwa vitamini K1, lakini daktari lazima ajue ni ipi.

Pili, mkojo wa panya hubeba leptospira, bakteria wa ugonjwa uleule uliotangazwa Lindi mwaka 2022 kwa jina la homa ya mgunda. Mbwa huupata na anaweza kuupitisha kwa mkojo wake. Chanjo yake ipo. Iulizie, maana hawakutajii usipouliza.

Panya buku ni habari nyingine, anarudisha meno. Wale wa Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, wanaofundishwa kunusa mabomu ya ardhini, wana adabu kuliko Tabu.

Amekula kuku wa jirani. Nifanyeje?

Lipa leo, kabla jua halijatua, na usibishane bei. Kisha jenga ukuta. Mbwa aliyezoeshwa na kuku akiwa na wiki 8 huweza kuishi nao, ila mimi nisingemwacha naye peke yake hata hivyo.

Anaweza kuogelea ziwani?

Anajua, na wengi wanapenda. Mimi simruhusu kila mahali. Mamba na viboko unawajua. Yafuatayo watu huyasahau.

Maji yakiwa na utando wa kijani kama rangi iliyomwagika, hasa kwenye ghuba zilizotulia, asiyaguse wala asiyanywe. Vijimea hivyo vinaweza kutoa sumu inayoua mbwa ndani ya saa chache.

Gugumaji. Nimeona kwa macho, upande wa Kirumba: mbwa alimkimbilia yangeyange aliyetua juu ya magugu, naye akadhani ni nchi kavu. Alienda hatua nne, tano, kisha majani yakafunga juu yake kama mlango. Mvuvi alimchomoa kwa kafi. Ndege hakuruka hata mbali.

Ndoano. Ufukweni kuna ndoano zenye mabaki ya chambo, na mshipi mwembamba huuoni mchangani. Akimeza, usivute mshipi unaoning'inia mdomoni, utachana koo. Ukate ukiacha kipande cha nje cha kushika, uende kwa daktari.

Akitoka majini mwoshe kwa maji safi, kausha masikio.

Ale nini? Dagaa wanatosha?

Dagaa wa Mwanza ni chakula kizuri sana kwa mbwa, ila wale walioanikwa chini huja na mchanga, na wengine hutiwa chumvi. Loweka, suuza mara mbili, chemsha. Mimi huchanganya dagaa au mapanki (mabaki ya sangara aliyetolewa minofu) yaliyochemshwa mpaka mifupa ikavunjika kwa vidole, ugali kidogo wa dona, na karoti au boga. Ugali usiwe ndio chakula na dagaa kitoweo. Kwa mbwa iwe kinyume. Mara mbili kwa siku, kwa saa maalumu. Mwenye kumudu chakula cha pakiti, sawa.

Usimpe mifupa ya kuku iliyopikwa, kitunguu, chokoleti, zabibu, wala bigijii isiyo na sukari. Kichwa cha sangara cha kukaanga hapana, mifupa yake ni sindano.

Kipimo: ukipapasa mbavu uzisikie, usizione. Jack Russell mnene goti lake halidumu.

Kupe wananishinda. Nitumie dawa ya ng'ombe?

Hapana. Nina kidonda na swali hili. Miaka ile muuzaji mmoja alinipimia dawa ya josho kwa kifuniko cha soda, akaniambia changanya na ndoo. Ndoo ya lita ngapi hakusema, nami sikuuliza. Nusu saa baada ya kuoga Tabu alianza kutoa mate, miguu ya nyuma ikatetemeka, akawa anatembea kama mlevi. Nilimuosha kwa sabuni na maji mengi, nikamkimbiza. Alipona. Dawa hizo hupimwa kwa mnyama wa kilo 300. Kosa la kijiko kwa mbwa wa kilo 6 ni kosa kubwa.

Tumia dawa ya mbwa, ya matone au ya kidonge, kwa uzito wake. Na mkague kila jioni kwa vidole: ndani ya masikio, katikati ya vidole, chini ya kola, kwapani. Kupe akishikilia, mshike karibu na ngozi kwa kibano, vuta taratibu moja kwa moja.

Homa ya kupe huku ni jambo la kawaida. Akikataa kula, ufizi ukapauka, mwili ukawa moto, mkojo ukawa kama chai ya rangi, usisubiri kesho. Daktari atachukua damu aiangalie kwenye darubini. Ukiwahi, anapona, lakini nimezika mbwa wa rafiki yangu aliyesubiri Jumatatu.

Akilamba miguu mno na kuchechemea, tazama pia funza chini ya kucha.

Chanjo zipi ni za lazima?

Kichaa cha mbwa, kuanzia miezi 3, kisha kila mwaka, na utunze cheti. Halmashauri nyingi huchanja bure au kwa bei ndogo karibu na tarehe 28 Septemba, siku ya kichaa cha mbwa duniani, lakini usingoje Septemba kama mbwa wako hajachanjwa. Watoto wa mbwa wapate pia ya parvo na distempa, magonjwa mawili ya virusi, kuanzia wiki 6 hadi 8, irudiwe kila wiki 3 au 4 mpaka wiki 16. Parvo huua watoto wa mbwa kwa kuharisha damu, haraka.

Mtu akiumwa na mbwa yeyote, awe wako au koko: osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, uende hospitali siku hiyohiyo. Usipake mafuta ya taa.

Jua?

Ngozi ya waridi chini ya manyoya meupe huungua, hasa puani, ncha za masikio na tumboni, maana wanapenda kulala chali. Miamba nayo hushika joto mpaka jioni. Weka kiganja chako juu ya jiwe au lami kwa sekunde 5. Kikishindwa, nyayo zake pia zimeshindwa.

Ana tatizo gani la ukoo?

Goti kuchomoka: utaona anaruka kwa miguu mitatu hatua chache, kisha anaendelea kama hakuna kitu. Lenzi ya jicho kuachia nafasi yake, jambo la dharura, jicho likiwa jekundu na lenye ukungu. Na uziwi, hasa kwa walio weupe sana. Kabla ya kununua, mjaribu kila mtoto peke yake: piga makofi ukiwa nyuma yake asipokuona.

Mkia ukatwe?

Wawindaji waliukata na kuacha wa kushikika. Wewe huwindi. Uache.

Anafaa kwa watoto? Na majirani wasiopenda mbwa?

Kwa watoto wa miaka 7 na kuendelea, vizuri mno. Hawachoki wote wawili. Wadogo zaidi huvuta mkia, naye havumilii kama mbwa wakubwa. Wasiachwe peke yao.

Kuhusu majirani, nusu ya mtaa wangu ni Waislamu na mate ya mbwa kwao ni najisi. Mgeni akibisha hodi, Tabu anaingia chumba cha nyuma kabla ya kujibiwa karibu, na zulia la wageni halijawahi kumwona. Tukipishana njiani navuta kamba fupi, tunasalimiana. Miaka 11, hatujagombana, isipokuwa lile la kuku.

Nitajuaje kama ni Jack Russell halisi?

Omba kumwona mama yake. Wengi wanaouzwa kwa jina hilo ni mchanganyiko na mbwa wetu wa mtaani, jambo ambalo si baya hata kidogo. Wengine wana afya kuliko wenye makaratasi. Ubaya ni kulipishwa bei ya makaratasi. Na asichukuliwe kabla ya wiki 8.

Unauza watoto?

Hapana. Tabu alihasiwa akiwa na mwaka mmoja.